Nani anachora nyumba? Wanawake katika kazi ya usanifu majengo

Ukifika kwenye boma la Wamasai, iwe ni Longido, Ngorongoro au Kajiado, nyumba unazoziona zimejengwa na wanawake. Mwanamke ndiye anayekata fito, anayezisimika na kuzifunga, anayekandika kuta na paa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Mvua ikipenya, ndiye anayepanda juu kuziba. Kaskazini mwa Kenya, kwa Wagabra na Warendille, nyumba ni hema la miti, mikeka na ngozi linalobebwa na ngamia kila wanapohama, na anayelisimamisha na kulifungua ni mke. Hata kwingine ambako wanaume ndio husimamisha nguzo, kukandika na kusiriba mara nyingi huwa ni kazi ya akina mama.

Lakini ukienda mjini kumtafuta mtaalamu wa kukuchorea ramani ya nyumba, shule au zahanati, kuna uwezekano mkubwa utampata mwanamume. Kazi ya kujenga ilipohamia ofisini, ikawa na shule yake, mtihani wake na muhuri wake, wanawake walibaki nje ya mlango. Waliokuja kuingia waliingia kwa taabu. Makala haya yanaeleza taabu hiyo ilikuwaje, na zaidi yanamfuata mwanamke mmoja wa Pakistani, Yasmeen Lari, ambaye kazi aliyoifanya baada ya kustaafu inahusu vitu tunavyovijua vizuri vijijini: udongo, chokaa, mianzi na jiko la kuni.

Msanifu majengo hufanya nini

Wengi humwita mchora ramani. Vyuoni na kwenye vyombo vya habari anaitwa msanifu majengo, na bodi inayosimamia kazi hiyo Tanzania humwita mbunifu majengo. Ni mtu yule yule. Tusimchanganye na mhandisi, anayepiga hesabu kama nguzo na boriti zitabeba uzito, wala na mkadiriaji majenzi, anayehesabu gharama. Fundi mwashi naye ndiye anayeinua ukuta.

Msanifu anaamua nyumba iweje. Mlango uelekee wapi, upepo upitie wapi, jua la mchana lisichome chumba gani, jiko liwe ndani au uani, mgonjwa wa kifua apitie wapi pale zahanati asikutane na watoto wachanga waliokuja kliniki. Maamuzi haya yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini yakishajengwa hayafutiki kwa kifutio. Choo cha bweni kikichorwa mbali, ni wasichana watakaotembea gizani kukifuata, mwaka hadi mwaka, hadi jengo lichakae. Ndiyo maana si jambo dogo kujua nani ameshika kalamu, na kama aliwauliza watakaolitumia jengo.

Mlango uliofungwa

Vyuo vikubwa vya usanifu wa Ulaya havikuwapokea wanawake kwa muda mrefu. Uingereza, chama cha kifalme cha wasanifu majengo, kinachojulikana kwa kifupi kama RIBA, kilimpokea mwanachama wa kwanza mwanamke mwaka 1898, Ethel Charles. Shule mashuhuri ya usanifu ya London, ile ya Architectural Association, iliwafungulia wanawake mlango mwaka 1917, wakati vijana wengi wa kiume walikuwa vitani.

Kisa cha Mmarekani Julia Morgan kinaonyesha mlango huo ulivyokuwa. Alizaliwa San Francisco mwaka 1872, akasomea uhandisi hapo California, kisha mwaka 1896 akaenda Paris. Alitaka kuingia École des Beaux-Arts, shule iliyohesabiwa wakati huo kuwa bora kuliko zote duniani kwa usanifu. Alipofika, shule hiyo ilikuwa haijaanza kuwapokea wanawake. Iliporuhusu wafanye mtihani, mara ya kwanza alishika nafasi ya 42 na waliochukuliwa walikuwa 30. Mara ya pili alama zake zilipunguzwa, akaelezwa kwamba wakaguzi hawakutaka kuwatia moyo wasichana. Mara ya tatu, mwaka 1898, alishika nafasi ya 13, na hapo hawakuwa na la kusema. Alimaliza mwaka 1902, akiwa karibu kufikisha miaka 30, umri ambao shule ilikuwa haimruhusu mwanafunzi kuendelea.

Aliporudi akawa mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya usanifu California, mwaka 1904. Mwaka huo huo alimaliza mnara wa kengele wa zege lenye nondo kwenye chuo cha wanawake cha Mills, Oakland. Zege la namna hiyo lilikuwa bado geni na watu walilitilia shaka. Aprili 1906 tetemeko kubwa likaipiga San Francisco na miji ya jirani. Majengo ya matofali yaliporomoka, mnara wa Morgan ukabaki umesimama. Baada ya hapo hakukosa kazi: katika maisha yake alichora majengo zaidi ya 700. Chama cha wasanifu cha Marekani kilimpa nishani yake ya dhahabu mwaka 2014. Alikuwa amefariki mwaka 1957.

Yasmeen Lari: kutoka majengo ya vioo hadi nyumba za udongo

Yasmeen Lari alizaliwa mwaka 1941 Dera Ghazi Khan, mji ulio katika Pakistani ya leo, wakati nchi hiyo ilikuwa bado sehemu ya India ya Waingereza. Hakutoka katika familia ya dhiki. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa serikali aliyeshughulika na maendeleo ya miji, na binti alikua akisikia kwamba nchi mpya ina uhaba wa wasanifu majengo. Akiwa na miaka 15 alikwenda Uingereza. Alipoomba nafasi ya kusomea usanifu kwa mara ya kwanza hakuchukuliwa, akasoma sanaa kwa miaka miwili, ndipo akapokewa Oxford. Alihitimu mwaka 1964, akarudi nyumbani na kufungua ofisi Karachi pamoja na mumewe, Suhail Zaheer Lari. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza msanifu majengo Pakistani.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa mafundi. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, mwanamke, ametoka Ulaya, na amewasimamia wanaume waliojenga tangu utotoni. Walimpinga na kumjaribu waone kama kweli anajua anachokisema. Huenda msomaji atasema mafundi hufanya hivyo kwa kijana yeyote wa chuo, na ni kweli kwa kiasi. Ila kijana wa kiume akijibu vizuri mara mbili tatu, huachwa afanye kazi. Wanawake wa kazi hii, Pakistani na kwingineko, husema kwamba kwao mtihani huanza upya kila wanapofika kwenye ujenzi mpya.

Mapema miaka ya 1970 serikali ilimpa kazi ya kuchora mtaa wa nyumba za watu maskini huko Lahore, unaoitwa Anguri Bagh. Alikwenda kuzungumza na wanawake ambao wangehamia pale. Hawakumuuliza juu ya sura ya nyumba wala rangi. Walimuuliza kuku wao watakaa wapi.

Kwa mtu wa ofisini swali hilo lingeweza kuchekesha. Kwa mama wa familia ile, kuku walikuwa mayai ya watoto na fedha ya dharura, kama ilivyo kwa mama yeyote wa Singida au Kitui. Lari alilichukua swali jinsi lilivyo. Akachora nyumba zenye baraza wazi juu, moja juu ya paa la nyingine, mahali pa kufugia kuku, kuotesha mboga na watoto kucheza huku mama akiwaona. Mtaa ulijengwa kwa matofali, bila madoido.

Isidhaniwe kwamba tangu siku hiyo alibaki na watu wa chini. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 alichora majengo makubwa ya Karachi: kituo cha fedha na biashara, kisha makao makuu ya kampuni ya taifa ya mafuta, jengo la vioo na mawe yaliyong'arishwa lililokamilika mwaka 1991. Zilikuwa kazi za heshima na zenye fedha. Aliongoza pia chama cha wasanifu wa nchi yake, na alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza linalosajili wasanifu na wapanga miji. Mwaka 2000 alifunga ofisi, akiwa na nia ya kuandika vitabu na kutunza majengo ya kale kupitia taasisi ya urithi ambayo yeye na mumewe waliianzisha mwaka 1980.

Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko lilipiga milima ya kaskazini mwa Pakistani na kuua zaidi ya watu 70,000. Lari alikuwa na miaka 64. Alipanda milimani, ingawa hakuwahi kufanya kazi ya maafa. Huko aliona kwamba waliopoteza nyumba wamekaa juu ya rundo la vifaa: mawe, udongo na mbao za nyumba zilizoanguka. Misaada ilikuwa ikileta saruji na mabati kutoka mbali, kwa barabara zilizokatika. Yeye akaanza na kilichokuwapo. Waliunda fremu za mbao zilizofungwa kwa mbao za mshazari, kama herufi X, kisha wakajaza mawe madogo na udongo katikati. Ni ujenzi wa zamani wa milima ile. Ardhi ikitikisika, ukuta wa namna hiyo hucheza, lakini haumwangukii mtu kwa pamoja kama ukuta wa mawe matupu.

Anayejua nyumba zetu za miti na udongo, zile zinazoitwa mbavu za mbwa, ataona undugu, ila tofauti ni zile mbao za mshazari. Nyumba nyingi za fito huku kwetu zina miti iliyosimama na iliyolala tu, bila ya mshazari, ndiyo maana baada ya miaka michache huinamia upande mmoja.

Chokaa na maji ya mafuriko

Mwaka 2010 mafuriko ya mto Indus yaliathiri watu wapatao milioni 20. Hapa adui alikuwa maji, na kila anayeishi bondeni anajua udongo mtupu hauna la kufanya mbele ya maji. Jibu la Lari lilikuwa chokaa.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe kwenye tanuri, kisha kuyazimua kwa maji. Ukiichanganya na udongo wa mfinyanzi, ukuta hukauka polepole huku chokaa ikinywa hewa ya ukaa na kurudia hali ya jiwe. Wazee wa pwani hawakuhitaji kufundishwa hilo. Majumba ya Kilwa Kisiwani, Gedi na Lamu yalishikiliwa na chokaa ya matumbawe, na baadhi ya kuta zake zipo hadi leo. Faida nyingine ni moto: chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi takriban 900, saruji huhitaji zaidi ya 1,400. Utengenezaji wa saruji unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tahadhari moja kwa atakayetaka kujaribu: chokaa ambayo haijazimuliwa inachemka ikiguswa na maji, na inaweza kuunguza ngozi na kupofua macho. Si kazi ya watoto.

Kwa chokaa, udongo na mianzi, taasisi ya Lari imejenga na kufundisha kujenga makumi ya maelfu ya nyumba ndogo katika jimbo la Sindh na kwingineko. Nyingine zimeinuliwa juu ya nguzo za mianzi ili maji yapite chini. Mianzi ilichaguliwa kwa sababu inakomaa kwa miaka michache, tofauti na mti wa mbao, ingawa bila kutibiwa huliwa na wadudu. Mafuriko mengine makubwa yalipokuja mwaka 2022, aliendelea kuwafundisha wanakijiji, na mafunzo hayo huwekwa pia kwa video kwenye intaneti ili yeyote mwenye simu ayafuate.

Lari mwenyewe ameeleza kwamba ilimbidi asahau mengi aliyofundishwa Ulaya, na kwamba kazi hii kwake ni kama kulipa deni la majengo ya zege na vioo aliyoyachora zamani. Sharti lake ni kwamba hagawi nyumba bure kama msaada. Wenye nyumba hujenga wenyewe, yeye huleta ujuzi na vifaa vichache. Wapo watakaoona huko ni kumbebesha mzigo aliyepatwa na maafa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hoja yake inaeleweka vizuri zaidi mahali ambapo nyumba za msaada zimeshawahi kujengwa na kuachwa tupu kwa sababu hakuna aliyewauliza wanaokusudiwa kuzikaa.

Jiko lenye heshima yake

Katika kazi zote za Lari, iliyosambaa zaidi vijijini ni jiko, ambalo kwa lugha ya kule huitwa chulah. Wanawake wa Sindh walikuwa wakipika chini, kwenye moto wa wazi, wakichuchumaa ndani ya moshi. Maji ya mafuriko yakija, jiko ndilo la kwanza kuzama. Watoto waliungua, mbwa na kuku walifikia chakula.

Jiko la Lari hujengwa juu ya jukwaa la udongo lililoinuliwa, kwa matofali mabichi na lipu ya udongo na chokaa. Lina sehemu mbili za kuweka sufuria, njia ya kuingiza hewa na bomba la kutolea moshi. Linatumia kuni kidogo kuliko moto wa wazi. Mpishi huketi juu ya jukwaa, hachuchumai tena ardhini, na wanawake wengi huyapamba majiko yao kwa maua na michoro kila mmoja kwa mtindo wake. Mwanamke aliyejifunza huwafundisha wa kijiji cha jirani na kulipwa ada ndogo, hivyo ujuzi ukawa pia kipato. Mwaka 2018 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya makazi, World Habitat Award.

Kwa nini msanifu aliyechora makao makuu ya kampuni ya mafuta ashughulike na jiko? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, mkaa na kinyesi cha mifugo, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaovuta moshi huo zaidi ni wanawake na watoto wadogo walio mgongoni au pembeni mwao. Hata hivyo, tazama ramani nyingi za nyumba za gharama nafuu: sebule ina vipimo, chumba cha baba kina vipimo, jiko la kuni halimo kabisa, kana kwamba familia itapika kwa umeme kuanzia siku ya kuhamia. Mama hujijengea kibanda cha makuti au mabati nyuma ya nyumba. Jiko linaachwa nje ya ramani kwa sababu mchoraji hajawahi kupika humo wala hakumuuliza apikaye.

Hatusemi kwamba mwanamke akishika kalamu jiko litakaa sawa lenyewe. Lari alichora majengo ya vioo kwa miaka mingi kabla ya kufika kwenye jiko. Kilichomfikisha ni kuuliza na kusikiliza, na hilo mwanamume pia analiweza. Ila wapo wanawake ambao mgeni wa kiume hawezi kuketi nao uani kuwauliza, na hapo msanifu mwanamke anafika ambapo mwenzake hafiki.

Mwaka 2023, akiwa na zaidi ya miaka 80, Lari alitunukiwa nishani ya dhahabu ya RIBA, tuzo iliyoanza mwaka 1848. Mwanamke wa kwanza kuipata kwa jina lake peke yake alikuwa Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, Iraki, mwaka 2016. Aliyekuwa ameipata pamoja na mume au mwenzake wa kazi alikuwapo hata kabla, na hilo linatuleta kwenye jambo ambalo wanawake wa kazi hii hulilalamikia kuliko mafundi wakorofi.

Jina kwenye mchoro

Wasanifu wengi hufanya kazi wawili wawili, na mara nyingi wawili hao ni mume na mke. Denise Scott Brown alizaliwa mwaka 1931 Nkana, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, akakulia Johannesburg, akasoma huko, London na Marekani. Aliolewa na msanifu Mmarekani Robert Venturi. Ofisi ilikuwa yao wote, na kitabu chao mashuhuri cha mwaka 1972 kuhusu mji wa Las Vegas waliandika pamoja na mwenzao mmoja.

Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo, ilitolewa kwa Venturi peke yake. Scott Brown hakuhudhuria sherehe. Miaka miwili kabla alikuwa amechapisha makala akieleza jinsi wateja na waandishi walivyomwona kama mke wa msanifu, hata kwenye kazi alizochora yeye. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa kike wa chuo kikuu cha Harvard waliandika ombi kwamba jina lake liongezwe kwenye tuzo ile. Maelfu ya watu walitia saini, Venturi mwenyewe akiwamo. Waamuzi wa tuzo walijibu kwamba hawawezi kubadilisha uamuzi wa waamuzi waliowatangulia. Mwaka 2016 chama cha wasanifu cha Marekani kiliwapa nishani yake ya dhahabu wote wawili kwa pamoja, baada ya kubadilisha kanuni iliyokuwa inaruhusu mtu mmoja tu.

Anayelima atalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Mke na mume wanapalilia shamba moja, lakini kitabu cha chama cha ushirika kina jina la mume, na malipo huenda kwa mwenye jina. Katika usanifu, jina kwenye mchoro ndilo linaloleta kazi inayofuata. Mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa kwenye majengo aliyoyachora huanza kila zabuni kama mgeni.

Hadid alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Pritzker, mwaka 2004, miaka 25 baada ya tuzo kuanzishwa. Kwa miaka mingi michoro yake ilisifiwa na haikujengwa. Mwaka 1994 alishinda shindano la kuchora jumba la opera mjini Cardiff, Wales, na mwaka uliofuata mradi ukanyimwa fedha. Alipofariki mwaka 2016 majengo yake yalikuwa yamesimama katika nchi nyingi, kutoka China hadi Azerbaijan.

Huku kwetu

Afrika nayo ina majina yake. Mariam Issoufou wa Niger alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta kabla ya kusomea usanifu. Katika kijiji cha Dandaji, yeye na mwenzake Yasaman Esmaili waligeuza msikiti wa kale wa udongo kuwa maktaba, na kando yake wakajenga msikiti mpya kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2018, na mafundi wazee wa msikiti wa zamani walishirikishwa.

Kenya, chama cha wasanifu, Architectural Association of Kenya, kilianzishwa mwaka 1967. Kilimpata rais wake wa kwanza mwanamke, Emma Miloyo, mwaka 2017, nusu karne baadaye. Tanzania, wanawake wasanifu na wataalamu wengine wa ujenzi waliunda kundi la TAWAH, ambalo limejenga nyumba za familia zenye hali ngumu katika kijiji cha Mhaga, Kisarawe, pamoja na wanakijiji wenyewe.

Kwenye ujenzi wa kila siku, wanawake wa kazi hii hapa Afrika Mashariki husimulia mambo yanayofanana. Fundi anamuuliza, "Dada, injinia anakuja saa ngapi?", na yeye ndiye aliyekuja kukagua. Mteja anamsikiliza, kisha anamgeukia kijana wa kiume aliyebeba mkoba wake kuuliza kama ndivyo. Choo ni kimoja, hakina mlango. Akiwa mjamzito, anahamishiwa ofisini bila kuulizwa, na akirudi kutoka likizo ya uzazi mradi wake una mtu mwingine. Hakuna kanuni inayomzuia kazi, lakini wengi huondoka katika miaka hii hii, wakiwa wameshasoma na kufanya kazi kwa muda mrefu.

Kwa mzazi mwenye binti anayependa kuchora, njia iko hivi. Shuleni anahitaji hisabati na fizikia, na asidharau jiografia wala sanaa. Usanifu majengo hufundishwa Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta nchini Kenya, na Makerere nchini Uganda, miongoni mwa vingine. Shahada huchukua miaka isiyopungua minne. Baada ya hapo mhitimu bado si msanifu kamili: hufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha hufanya mtihani wa bodi. Tanzania, bodi hiyo ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayojulikana kama AQRB. Kenya inaitwa BORAQS. Akifaulu anapewa namba ya usajili, na hapo ndipo anaweza kugonga muhuri wake mwenyewe kwenye ramani.

Jengo la umma likijengwa kijijini kwenu, mara nyingi huwekwa kibao mbele ya eneo la ujenzi kikitaja mwenye mradi, mkandarasi na msanifu. Kisome. Na kama kuna kikao cha kijiji kabla ramani haijafungwa, huo ndio wakati wa kuuliza choo cha wasichana kitakuwa wapi, mama wajawazito watasubiri wapi, na moshi wa jiko la shule utatokea wapi.